Kufunga ndoo ya kupakia na mkono wa kuchimbia kwenye gari dogo la nchi kavu na majini

Magari madogo ya matairi sita au manane yanayotembea nchi kavu na kuelea majini, kama vile Argo zinazotengenezwa New Hamburg, Ontario, tangu mwaka 1967, na Max zilizokuwa zikitoka Buffalo, New York, yalibuniwa ili kuvusha watu wachache na mizigo yao juu ya kinamasi, theluji na maji yaliyotulia. Hayana springi, wala hayana magurudumu ya mbele yanayogeuka. Ulaini wote unatokana na matairi mapana yenye upepo mdogo, na kona hukatwa kwa kupunguza mwendo wa magurudumu ya upande mmoja. Mwenye gari la namna hii, akiwa na kambi ya uwindaji au shamba lenye majimaji huko Kanada au kaskazini mwa Marekani, huwa hakawii kutamani lifanye na kazi nyingine: kusukuma theluji, kuhamisha kokoto, kuzibua kalvati lililozibwa na biva (mnyama anayejenga mabwawa kwa miti na matope), kuchimba mtaro mahali ambapo trekta lingedidimia.

Kazi hizo zinawezekana, lakini gari hili halikuundwa liwe tingatinga, na anayesahau hilo huliharibu. Mwongozo huu umesimama juu ya masharti mawili ambayo kila hatua itayarudia kwa namna yake. La kwanza, kifaa chochote kinachofungwa lazima kiweze kutolewa kwa kuchomoa pini, bila spana, kabla gari halijaingia majini. La pili, kifaa kiwe dhaifu kuliko gari, ili panapotokea nguvu ya kupita kiasi valvu ifunguke au pini ya bei nafuu ikatike, badala ya kupinda fremu au kukata mnyororo unaozungusha magurudumu.

Amua kazi kabla ya kununua chuma

Andika kwanza ni kitu gani hasa unataka kusogeza, na kwa umbali gani. Kama kazi yenyewe ni theluji tu, huhitaji haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu, hata kidogo: bamba la kusukumia lililofungwa chini ya fremu, likiinuliwa kwa winchi ya mbele, linatosha. Uzito wake ni mdogo na linatoka kwa pini mbili. Kwa maoni yangu, nusu ya watu wanaotaka ndoo ya kupakia wangeridhika na bamba hilo pamoja na tela dogo la kumwaga, na magari yao yangeishi muda mrefu zaidi.

Ikiwa kweli unahitaji ndoo, chagua ukubwa wake kwa kuangalia kile kizito zaidi kitakachoingia ndani. Ndoo yenye upana wa mita 1.2, kina cha sentimita 32 na kimo cha sentimita 32, kwa umbo lake la pembetatu, hubeba lita 60 hivi. Lita hizo zikiwa theluji iliyoshikana ni kilo 18 tu. Zikiwa kokoto kavu zinakaribia kilo 100. Na zikiwa udongo uliolowa zinafika kilo 115 hadi 120. Udongo uliolowa ndio utakaoukuta kando ya kinamasi, basi huo ndio wa kupigia hesabu. Ndoo kubwa ya theluji isitumike kwa udongo hata siku moja, kwa sababu anayeiendesha hataijaza nusu kama alivyokusudia.

Pima gari, kisha upige hesabu ya kupinduka

Usitegemee uzito ulioandikwa kwenye kijitabu cha gari, kwa kuwa magari mengi yameongezewa winchi, kioo, hita na betri ya pili. Lipime lako. Laza boriti mbili za mbao chini ya fremu, moja chini kabisa ya ekseli ya mbele na nyingine nyuma, kila moja ikikaa juu ya mizani, kisha uinue gari mpaka matairi yote yaachane na sakafu, dereva akiwa amekaa kwenye kiti chake. Jumlisha vipimo viwili upate uzito wote. Ukizidisha kipimo cha nyuma kwa umbali ulioko kati ya boriti, halafu ukagawanya kwa uzito wote, utapata kitovu cha uzito kiko umbali gani nyuma ya ekseli ya mbele.

Chukua gari la mfano la matairi manane ambalo pamoja na dereva lina kilo 560, boriti zikiwa zimeachana mita 1.6 na mizani ya nyuma ikisoma kilo 280. Kitovu cha uzito kiko mita 0.8 nyuma ya ekseli ya mbele, na 560 mara 0.8 ni 448: hiyo ndiyo akiba inayolizuia gari lisibinuke kuelekea mbele. Sasa mikono ya kuinulia ya kilo 60, yenye kitovu chake mita 0.4 mbele ya ekseli, inakula 24 katika akiba hiyo, na ndoo tupu ya kilo 35 iliyoko mita 1.1 mbele inakula 38.5. Kinachobaki, yaani 385.5, ukikigawanya kwa 1.1 unapata kilo 350. Huo ndio mzigo wa kupindua: ukiwa ndani ya ndoo kwenye ardhi tambarare, matairi ya nyuma yanaanza kuinuka kutoka ardhini.

Katika mashine za kupakia za magurudumu zinazokata kona kwa kubana upande mmoja, kawaida ya viwanda ni kuruhusu nusu tu ya mzigo wa kupindua, na zile zinazotembea kwa minyororo badala ya matairi huruhusiwa asilimia 35. Shika nusu, yaani kilo 175, na kama njia zako zina miteremko shuka hadi asilimia 35, ambazo hapa ni kilo 122. Angalia kwamba udongo uliolowa katika ndoo ya lita 60 unafika hapo hapo, na ndiyo sababu nilichagua ukubwa huo.

Kisha jumlisha kila kilichoongezwa: mikono, ndoo, pampu, tangi la mafuta, dereva na mzigo wenyewe, na ulinganishe na uwezo wa kubeba ulioandikwa na mtengenezaji kwa nchi kavu. Gari linaweza kuwa halipinduki na bado likawa limezidiwa, kwa kuwa uzito wa ndoo hauketi juu ya matairi yote sawasawa; unalemea ekseli ya mbele na beringi zake.

Ukihitaji uzito wa kusawazisha nyuma, tumia madumu ya maji badala ya vipande vya chuma. Madumu manne ya lita 20 yakifungwa mita 2 nyuma ya ekseli ya mbele huongeza kilo 145 kwenye mzigo wa kupindua, na ukifika ukingoni mwa maji unayamwaga.

Mahali pa kushikizia

Bodi ya magari haya kwa kawaida ni polithini nzito, aina ya plastiki, na ndiyo inayolifanya gari lielee. Isibebe nguvu yoyote. Nguvu ya kusukuma na ya kuinua iende moja kwa moja kwenye fremu ya chuma iliyo ndani, na iingie chini, karibu na kimo cha ekseli, wala si juu ya pua. Tengeneza fremu ya pili, nyepesi, inayoshika fremu ya gari katika sehemu nne angalau: mbili mbele, kwenye matundu ambayo mtengenezaji ameyaacha kwa ajili ya winchi au bamba, na mbili nyuma ya kiti au kwenye kishikio cha tela. Nguzo mbili zitakazobeba egemeo la mikono zisimame juu ya fremu hiyo ya pili, na kila nguzo iwe na mshazari unaorudi nyuma, kwa sababu mzigo unapopanda, nguzo huvutwa mbele kwa nguvu kubwa kuliko uzito wenyewe.

Usitoboe tundu lolote chini ya mstari wa maji. Gundi na silikoni havishiki vizuri kwenye polithini, hata vikionekana vimekauka barabara, na tundu lililozibwa kwa silikoni litavuja baada ya fremu kutikisika msimu mmoja. Hata matundu yaliyo juu ya mstari huo yafungwe kwa boliti yenye gasketi ya mpira na washa pana pande zote mbili, ili bodi ibanwe bila kupasuka.

Kama ni lazima kulehemu kwenye fremu ya gari, toa bodi yote au uisogeze mbali, toa tangi la petroli, na chomoa betri pamoja na plagi za kifaa chochote cha elektroniki. Polithini huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi, na joto la kulehemu husafiri ndani ya chuma likaiharibu bodi mahali ambapo fundi hakuangalia. Ni afadhali sana kufunga kwa boliti na mabamba ya kubana, hata kama inachukua siku mbili zaidi, maana kilichofungwa kwa boliti kinaweza kurekebishwa.

Mikono ya kuinulia

Wengi hutumia bomba la mraba la milimita 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 4 kwa sababu linapatikana kila mahali, na wengi huishia na mikono iliyopinda. Hesabu yake ni fupi. Weka mzigo wa kilo 200 ugawanywe kwa mikono miwili, mita 1.2 kutoka pale silinda inaposhika mkono, kisha uuzidishe mara 3 kwa ajili ya mishtuko ya kugonga kisiki. Bomba hilo linapata mkazo wa karibu megapaskali 344, wakati chuma laini cha kawaida huanza kupinda bila kunyooka tena kwenye 250 hivi. Bomba la milimita 75 kwa 50 lenye unene wa milimita 5, likisimamishwa kwa upande wake mrefu, linapata 160 tu, na uzito unaoongezeka ni kilo 3 na kitu kwa kila mita. Hapo pasifanywe uchumi.

Unganisha mikono miwili kwa bomba nene la mviringo linalovuka katikati. Ndoo mara nyingi hugonga jiwe kwa kona moja, na bila bomba hilo mkono mmoja hubeba pigo lote na mwingine hauna habari. Pini za egemeo ziwe na bushi zinazotiwa grisi, na ziwe ndefu kiasi cha kushikwa pande zote mbili. Pini inayoshikwa upande mmoja hulegea upesi.

Haidroliki

Hapa ndipo mafundi hodari hukosea, kwa kuwa haidroliki hutoa nguvu kwa urahisi mno. Silinda mbili zenye kipenyo cha ndani cha milimita 40, zikisukuma kwa bar 70 (bar ni kipimo cha msukumo), hutoa kilonyutoni 8.8 kila moja. Zikishika mikono kwa umbali wa sentimita 20 kutoka egemeo, upimwe kwa pembe mraba, na mzigo ukiwa mita 1.6 kutoka egemeo hilo hilo, zitainua kilo 224 hivi, na ukitoa uzito wa mikono na ndoo inabaki kama kilo 155. Hiyo iko chini ya kilo 175 tulizojiruhusu. Ukiongeza msukumo hadi bar 140, kinachobaki ni kilo 380 hivi, yaani zaidi ya mzigo wa kupindua: silinda hazitainua mzigo, zitainua tezi, yaani sehemu ya nyuma ya gari, na dereva wake. Kwa hiyo valvu ya usalama ifungwe ikiwa imewekwa bar 70, ijaribiwe kwa geji, na skrubu yake itiwe alama ya rangi ili uone kama imeguswa.

Pampu inaweza kuendeshwa kwa umeme au kwa injini. Kifurushi cha pampu cha volti 12, kile kinachotumika kwenye matela ya kumwaga, ni rahisi kufunga, lakini kikiwa kazini huvuta ampea 150 au zaidi, wakati injini ndogo za magari haya huzalisha kwa kawaida ampea 15 hadi 25. Kinafaa kwa kuinua mara chache, kikiwa na betri yake peke yake na fyuzi iliyo karibu na betri. Kwa kazi ya kutwa, pampu iendeshwe kwa mkanda kutoka upande wa injini, kabla ya mkanda wa kubadilisha mwendo, ili ifanye kazi hata gari likiwa limesimama. Klachi ya sumaku iliyotolewa kwenye kompresa ya kiyoyozi cha gari huruhusu kuizima wakati haihitajiki. Pampu ya lita 8 kwa dakika kwenye bar 70 haihitaji zaidi ya kilowati 1.2 hivi, na silinda mbili za urefu wa mwendo wa milimita 300 zitajaa kwa sekunde 6. Usitafute kasi kubwa kuliko hiyo.

Weka kizuizi cha mtiririko kwenye mstari wa kushusha, ili mikono ishuke taratibu hata mpini ukiachiwa ghafla. Mipira ya mafuta ipite juu ya ukingo wa bodi, isipite kwenye tundu, na iishie kwenye viunganishi vya haraka ambavyo havidondoshi mafuta vinapoachanishwa. Kwa baridi ya Ontario tumia mafuta mepesi ya daraja la 22 au 32, na kwa kuwa utafanya kazi kando ya maji, chagua yale yanayooza yenyewe, yenye asili ya mimea. Mafuta yakigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia, badilisha yote.

Usitafute tundu la mafuta kwa kupapasa mpira kwa mkono. Mafuta yenye msukumo hupenya ngozi kupitia tundu lisiloonekana, na jeraha hilo, hata likiwa dogo kama alama ya sindano, linahitaji daktari wa upasuaji mara moja. Tumia kipande cha kadibodi. Na usiingize mwili chini ya mikono iliyoinuliwa mpaka uwe umeweka mhimili wa chuma juu ya fito za silinda.

Mkono wa kuchimbia

Kuchimba ni jambo jingine kabisa. Ndoo ya mbele ya gari hili inapakia udongo uliokwisha kulegezwa. Haichimbi ardhi iliyoshikana, na kulirusha gari mbele ili ndoo izame ndiyo njia ya haraka ya kukata mnyororo. Mkono wa kuchimbia nao, ukifungwa nyuma, hukutana na kikwazo cha uzito. Gari la kilo 560 kwenye udongo mzuri hushikilia ardhi kwa kilonyutoni 3.3 hivi, basi mkono unaovuta kwa kilonyutoni 8 hautang'oa ardhi, utalivuta gari kuelekea shimoni.

Kwa sababu hiyo napendekeza kwa nguvu zote mkono wa kuchimbia wenye magurudumu yake, injini yake ndogo na miguu yake miwili ya kutanua, unaovutwa kama tela na kuachwa ujitegemee wakati wa kuchimba. Gari linabaki kuwa la kuuvuta tu, na usiku unaweza kuuacha huko huko kazini. Ukiamua kuufunga kwenye gari, miguu ya kutanua iunganishwe na fremu ya mkono wenyewe, iinue tezi la gari mpaka matairi ya nyuma yaguse kidogo tu, na iwe na sahani pana za mbao au chuma, kwa kuwa ardhi inayobeba tairi laini haiwezi kubeba mguu mwembamba. Kishikio kiwe na pini ya kukatika, yenye kipimo kidogo kuliko pini nyingine zote.

Kabla ya kuchimba popote Marekani piga 811, na Ontario wasiliana na Ontario One Call, ili nyaya na mabomba yawekewe alama. Vinamasi navyo vina sheria: Marekani, kumwaga udongo uliochimbwa ndani ya vinamasi vinavyolindwa kunahitaji kibali chini ya kifungu cha 404 cha sheria ya maji safi, na Kanada sheria ya uvuvi inakataza kuharibu makazi ya samaki. Bwawa la biva lisiguswe kabla ya kuuliza mamlaka ya eneo lako.

Matairi, mnyororo na namna ya kuendesha

Magurudumu ya upande mmoja yameunganishwa kwa minyororo, kwa hiyo yote huzunguka kwa kasi ile ile. Tairi la mbele likibonyezwa na mzigo hupungua nusu kipenyo, na kuanza kushindana na yale ya nyuma. Ushindani huo unaishia kwenye mnyororo. Pima mzunguko wa kila tairi kwa futi ya kamba, gari likiwa limepakiwa, na usawazishe upepo bila kuzidi kipimo cha mtengenezaji. Kagua ulegevu wa minyororo mara mbili zaidi ya kawaida yako.

Usikate kona ndoo ikiwa ndani ya udongo. Rudi nyuma, inua ndoo kidogo, kisha geuka. Ndoo iliyojaa isafiri ikiwa chini, sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, na kwenye mteremko upande mzito uelekee juu.

Majaribio, nchi kavu kisha majini

Jaza ndoo kwa mifuko ya mchanga iliyopimwa, ukiongeza kilo 20 kila mara mpaka ufike kikomo chako, huku mtu wa pili akiangalia matairi ya nyuma kutoka ubavuni, mbali na mikono. Kagua kila mlehemo kwa taa, zungusha kila boliti kwa spana ya kupima, na urudie baada ya saa ya kwanza ya kazi.

Kisha maji. Gari la mfano lenye eneo la mita za mraba 3.5 kwenye mstari wa maji huzama sentimita 1 kwa kila kilo 35. Ungedhani kilo 95 za mikono na ndoo ni sentimita 3 tu, lakini uzito huo uko mbele kabisa, na bila kuhesabu msaada wa matairi, omo, yaani pua ya gari hilo, hushuka sentimita 13 hivi. Ukingo wa bodi mbele hauna nafasi hiyo, na wimbi dogo linatosha kuingia. Kwa hiyo mikono na ndoo hubaki ufukweni. Ikibidi kuvuka navyo, vivushwe juu ya chelezo chake chenyewe, kikivutwa kwa kamba.

Kinachobaki ndani ya gari, yaani fremu ya pili, pampu na tangi, kijaribiwe kwenye maji ya kufika kifuani, gari likiwa limefungwa kamba kwenye mti, plagi za kutolea maji zikiwa mahali pake, pampu ya ngama (ya kutoa maji yaliyoingia ndani) ikifanya kazi, na kila mtu amevaa boya. Kabla ya kufunga chochote ulipaswa kuwa umebandika utepe kwenye mstari wa maji wa zamani, omo na tezi. Linganisha. Mstari mpya ukiwa umepanda zaidi upande mmoja, hamisha betri au tangi mpaka gari lilale sawa, na tafuta unyevu chini ya kila gasketi baada ya nusu saa.